Kaniki ya Bibi

Mwishoni mwa Oktoba, mtoto wa shangazi yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam kuniomba vitu viwili vya marehemu bibi yetu: kaniki yake na ungo wake. Alikuwa amealikwa kwenye sherehe ya Halloween huko Masaki, usiku wa tarehe 31, na mwenye vazi la kutisha kuliko wote angepewa zawadi. Wenzake wangevaa kama mizuka, mifupa na madaktari waliolowa damu ya bandia. Yeye alitaka kitu cha nyumbani. "Mchawi wa Kizaramo, dada," aliniambia. "Kaniki, ungo wa kupaa nao, macho mekundu. Hakuna atakayenifikia."

Bibi alikuwa hajatimiza mwezi kaburini. Mimi nilikuwa Kisarawe siku hiyo, nimeketi sakafuni chumbani kwake, nikitenganisha nguo za kugawa na za kutunza. Kaniki aliyokuwa akiiomba ilikuwa mapajani mwangu.

Nilikataa, tena kwa hasira iliyotushangaza sote wawili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mbona msibani ulimwona mtu kavaa kaniki hiyohiyo, anamwigiza Bibi huyohuyo, ukacheka mpaka ukakaa chini?"

Ni kweli. Nilicheka.

Msiba ulikuwa kijijini kwetu, chini ya mikorosho aliyoipanda babu. Mwili ulikuwa umeshaoshwa, unasubiri kutolewa, wakati mama mmoja wa Kinyamwezi, jirani wa Bibi wa miaka mingi, alipoingia chumbani na kutoka amejifunga kaniki ya marehemu, mkongojo wake mkononi. Akapita katikati ya waombolezaji amepinda mgongo, akiwafokea kuku, akijipangusa macho kwa upindo wa nguo, akiuliza nani kagusa ungo wake. Kikohozi kilikuwa cha Bibi hasa, kile kifupi cha mara mbili alichokitoa kabla ya kusema jambo ambalo hutalipenda. Shangazi zangu, waliokuwa wakilia tangu alfajiri, wakaangua kicheko huku machozi yakiendelea kutiririka. Upande wa wanaume, mtani mwingine alikuwa ameng'ang'ania jeneza, akidai kwamba marehemu ana deni lake na hazikwi mtu mpaka lilipwe. Wazee wakajipapasa mifukoni, wakabishana naye bei, wakatoa noti kadhaa, jeneza likaachiwa.

Aliyekulia katika mila hii hahitaji kuelezwa. Kwa ambaye hakukulia humo: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba utani wao uliota njiani, katika misafara ya karne ya 19, wakati wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakiteremsha pembe za ndovu hadi Pwani na kupita katika nchi ya Wazaramo. Watu waliokuwa na sababu za kugombana walipata namna ya kutukanana bila kugombana. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, alipoandika mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya aina hii duniani, aliona kiini chake kiko hapo: upande mmoja una ruhusa ya kukosa adabu, na upande wa pili una wajibu wa kutokasirika.

Lakini ruhusa hiyo ina bei. Mama yule aliyevaa kaniki ndiye aliyekuwa amebeba ndoo za maji ya kumwoshea Bibi. Ndiye aliyekuna nazi za ubwabwa wa watu waliokuja bila idadi. Usiku wote wa matanga alilala mkekani na shangazi zangu. Mtani wa kweli huchimba kaburi, hupika, hutumwa, na katikati ya kutumwa huko ndipo anapokutania. Mtu hawezi kufika na mzaha peke yake.

Hilo ndilo jibu nililompa binamu yangu kwenye simu, kwa ufupi na kwa ukali. Yule mama alikuwa mtani. Wewe ni nani?

"Mimi nilikuwa mume wake," akasema.

Na hapo pia alikuwa sahihi. Tangu alipoanza kutembea, Bibi alimwita mume wangu, naye akajifunza kumjibu kwa majigambo ya mume asiye na senti. Mjukuu na bibi ni watani bila kuhitaji misafara wala vita. Kama utani ni hati, yeye alikuwa nayo. Nilikata simu nikiwa sina jibu, bali hasira tu, na hasira isiyo na sababu inayoelezeka ni kitu cha kutiliwa shaka, hasa inapokuwa yako mwenyewe.

Nikaanza kuzipima sababu zilizokuwa karibu.

Ya kwanza ni ya dini. Kila Oktoba husikika mawaidha na mahubiri kwamba Halloween ni ibada ya shetani, na mwenye kuvaa kama mzuka anaukaribisha. Sikuweza kuishika sababu hii. Binamu yangu hakuwa anaabudu kitu chochote usiku ule isipokuwa zawadi ya mshindi. Tena Halloween yenyewe, hata jina lake, ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na siku inayofuata ni ya Marehemu Wote, ambayo majirani zetu Wakatoliki huiadhimisha kwa kwenda kuombea makaburi. Chini yake kuna sikukuu ya kale zaidi ya Waselti, Samhain, ya mwisho wa mavuno, ambapo mpaka kati ya walio hai na wafu ulidhaniwa kuwa mwembamba. Sidhani kuna Mzaramo wa kijijini ambaye wazo hilo lingemshangaza.

Sababu ya pili ni ya ugeni: kwamba si yetu. Hii nayo ilinivunjikia mikononi. Keki ya siku ya kuzaliwa si yetu, gauni jeupe la harusi si letu, na hakuna anayeturudishia michango kwa sababu hiyo. Halloween yenyewe ilikuwa ngeni Marekani hadi wahamiaji wa Ireland na Scotland walipoipeleka kwa wingi katika karne ya 19. Kwao walichonga taa kutoka kwenye tanipu, mzizi unaofanana na figili kubwa. Huko walikokwenda wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, na leo dunia nzima inadhani boga lilikuwepo tangu mwanzo. Sisi Kisarawe boga ni la kutia nazi wakati wa kufuturu, lakini sioni kwa nini lisiweze pia kuwa taa.

Nikaona hata kitu cha kufanana. Zamani Uingereza, maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba katika siku hizo za marehemu, wakapewa vikate vidogo ili waziombee roho za wafu wa nyumba ile. Watu wengi huona hapo mzizi mmoja wa desturi ya watoto wa leo kugonga milango wakidai pipi. Sisi tunaita hitima: watu wanasoma, wanaomba dua kwa ajili ya marehemu, wanakula ubwabwa. Chakula ni cha walio hai, dua ni ya aliyekufa, na kila upande unaondoka na kitu. Yule mtani aliyeng'ang'ania jeneza na mtoto wa Kiingereza mlangoni walikuwa wakifanya kazi ya jamaa mmoja: kudai kidogo kwa niaba ya kifo, ili wenye nyumba wakumbuke kwamba wanadaiwa.

Basi kama mzaha na kifo si dhambi, na kama kuazima sikukuu si kosa, kwa nini moyo wangu ulikataa kuitoa kaniki ile?

Itabidi niseme jambo ambalo katika familia yetu halisemwi sana. Miaka miwili kabla ya kufa kwake, Bibi aliitwa mchawi.

Hakuna aliyemwambia usoni. Mtoto wa jirani aliugua na kuchelewa kupona, na baada ya hapo watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Waliokuwa wakija kuazima ungo wakaacha kuazima. Ushahidi uliotajwa ulikuwa macho yake, ambayo kweli yalikuwa mekundu, na mikono yake, iliyokuwa na mabaka meusi. Nami najua macho yale na mikono ile ilitoka wapi. Kwa miaka na miaka Bibi alibangua korosho nyumbani: unazichoma kwenye karai au bati juu ya moto mpaka maganda yatoe mafuta yake, kisha unazigonga moja moja. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na moshi wake hauna huruma na jicho. Baba yangu alisoma kwa korosho hizo. Alama zote ambazo kijiji kilizisoma kama uchawi zilikuwa risiti za ada ya shule.

Kwetu maneno yaliishia kuwa maneno. Baba mdogo alimchukua Bibi kwa miezi mitatu, hadi yakapoa, akarudi nyumbani kwake. Lakini sote tulijua maneno kama hayo yanaweza kwenda hadi wapi. Kule Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza hasa, kwa miongo kadhaa wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni, yametajwa tena na tena kuwa ndiyo yaliyowaponza. Sheria ya Uchawi ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1928 bado imo katika vitabu vyetu. Kwa hiyo mtu anapovaa kaniki, akashika ungo na kujipaka wekundu kuzunguka macho, hachezi na kiumbe wa hadithi. Mavazi ya mzuka hayana mwenyewe. Haya yana wenyewe, na baadhi yao wako hai usiku huu, milango yao wameikomea.

Nilidhani hapo nimefika. Lakini kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Huenda kucheka ndiko kutakakotuponya. Watu hawamuui mtu wanayeweza kumcheka, wanamuua wanayemwogopa. Kama vijana wa leo wangemwona mchawi wa ungo kuwa kichekesho, kama vampaya na mizuka ya plastiki, labda wasingekuwepo wa kushika panga kesho. Kwa nini nimkasirikie kijana anayeivua hofu ya wazee wetu meno?

Wanaotoa hoja hii wanaweza kuonyesha mji wa Salem, Massachusetts. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa pale kwa hatia ya uchawi, na mmoja alikufa akikandamizwa kwa mawe kwa kukataa kujibu mashtaka. Leo, kila Oktoba, mji huo unajaa watalii waliovaa kofia ndefu za kichawi, na hakuna bikizee anayelala kwa hofu kwa sababu yao. Ni kweli. Lakini tazama kilichotangulia. Ilipita miaka 300. Mwaka 1992 ulizinduliwa mnara wa kumbukumbu wenye mabenchi ya mawe, kila benchi na jina la mtu mmoja aliyeuawa. Mwaka 2022 bunge la jimbo lilimsafisha kisheria Elizabeth Johnson, mwanamke wa mwisho aliyekuwa bado amebaki na hatia katika vitabu. Hata hivyo wapo wanaoona biashara ya kofia zile ni kukosa heshima. Angalau mtalii wa Salem anayetaka kujua nani aliuawa anaweza kutembea dakika chache akasoma majina. Bikizee wetu hawana mabenchi.

Ndipo nikarudi tena msibani, kwenye jambo ambalo kicheko kilikuwa kimenisahaulisha.

Yule mama wa Kinyamwezi, alipokwisha kuwafokea kuku, alisimama mbele ya mikeka walikoketi majirani. Akakohoa mara mbili. Akasema kwa sauti ya Bibi: "Nasikia mimi mchawi. Basi mbona nilishindwa kuwaroga mnilipe hela zangu za korosho?"

Kwanza kililipuka kicheko. Kisha kikakatika ghafla, kwa sababu waliokuwa wakidaiwa walikuwepo, na waliowakataza watoto kupita uani walikuwepo, na wakati mwingine walikuwa ni watu walewale. Hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Aliyesema ni mtani. Mwanamke mmoja akaanza kulia, kilio tofauti na vile vya asubuhi.

Kifamilia tulikuwa tumeshindwa kulisema jambo lile kwa miaka miwili. Baba mdogo alimhamisha Bibi kimyakimya na kumrudisha kimyakimya. Mtani alilisema kwa sentensi moja, ndani ya nguo ya mtuhumiwa mwenyewe, na aliyechekwa hakuwa Bibi. Tulichekwa sisi.

Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa nikiitafuta kwenye simu. Nguo ni ileile, ungo ni uleule, hata kikohozi kingeweza kuwa kilekile. Lakini pale uani kicheko kilimrudishia Bibi jina lake na kuwaacha waliomsingizia wakitafuta pa kutazama. Ukumbini Masaki kicheko kingemwangukia yeye. Waliopo wasingejua ni kaniki ya nani. Wangeona mchawi, yaani wangeona kile hasa ambacho uvumi ulitaka aonekane. Binamu yangu alikuwa na haki ya kumtania Bibi, na angekwenda kuitumia mbele ya watu ambao hawakuwa na utani naye, hawakuwa na deni kwake, na kesho yake wasingebeba ndoo ya mtu yeyote.

Kwa hiyo siulizi tena kama ni halali kusherehekea usiku wa kutisha. Nauliza kicheko kinamwangukia nani, na kama anayecheka ana lolote atakalodaiwa. Kijana aliyevaa mifupa ya plastiki anacheka kifo, na kifo kinatudai sote sawasawa, mwache acheke. Anayemvaa bikizee mwenye macho mekundu anacheka akiwa salama kabisa. Hakuna atakayekuja kumgongea mlango yeye.

Nilimwandikia binamu yangu haya, kwa kifupi. Akajibu kwa neno moja, "Sawa," na tarehe 31 akaenda amevaa mifupa. Hakushinda. Picha alizonitumia zilikuwa nzuri, na nilifurahi kumwona amefurahi.

Ningeweza kuishia hapa, na mimi ndiye ningekuwa mwenye haki katika hadithi hii. Lakini kulikuwa na arobaini.

Ilifanyika wiki ya kwanza ya Novemba. Binamu yangu alikuja na mchele na sukari, akasaidia kufunga turubai. Baada ya kisomo, watu wakiwa wamekwisha kula, nilimsimulia yule mama wa Kinyamwezi habari za ungo na Masaki, nikitarajia atakuwa upande wangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kaniki, akamtupia binamu yangu. "Haya mume wa marehemu, vaa. Hapa hakuna zawadi. Tuonyeshe mkeo."

Akajifunga. Akapinda mgongo, akatoa vidole kama kucha, akazomea kama paka. Hakuna aliyecheka. Shangazi walitazamana. Alisimama pale katikati ya ua, mtu mzima wa miaka 26, na nikaona uso wake ukibadilika alipogundua kwamba alichokuwa akikiigiza ni mchawi wa kwenye filamu. Bibi hakuwa anamfahamu kiasi hicho. Miaka yake ya mwisho alikuja mara chache.

"Hapana," mama akamwambia, bila mzaha safari hii. "Alikuwa anaanza na mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa unamuuma tangu alipoanguka kisimani. Na alipokuwa anainuka, alikuwa anashika ukuta hivi, kisha anatazama kwanza barabarani, kuona kama kuna anayekuja."

Akamfundisha hatua tatu. Binamu yangu akazirudia. Ya tatu ilikuwa karibu kabisa, na shangazi mmoja akaziba mdomo kwa kanga.

Kisha mama akamvua kaniki, akanigeukia mimi. "Na wewe, mwenye hasira. Zamu yako."

Niliipokea. Mimi ndiye niliyeikatalia simu, niliyezipima sababu zote, niliyejua habari za Salem na za tanipu. Nilikuwa nimekuja kumwona Bibi siku za Idi, na katika ile miaka miwili ya maneno nilituma hela kila mwezi, nikajiambia kwamba hela inatosha. Sikujua kwamba aliwahi kuanguka kisimani. Sikujua kwamba alikuwa akitazama barabarani.

Nilijifunga kaniki, nikasimama, nikakohoa mara mbili. Kikohozi nilikuwa nacho. Kisha nikabaki nimesimama pale, watu wote wakisubiri, nikijaribu kukumbuka alikuwa anaanza na mguu gani.